Makali Yanayorudishika: Chuma cha Zana kwa Mhunzi na Mpasua Mbao wa Masisi na Walikale

Katika Masisi na Walikale, maeneo mawili ya Kivu Kaskazini ambayo riziki ya watu wake hutokana kwa sehemu kubwa na kufyeka, kuchimba na kupasua, chuma cha makali huamua mambo mengi kuliko kinavyotajwa. Mbao za misitu ya Walikale hupasuliwa papo hapo porini kwa msumeno wa mnyororo, malisho ya milima ya Masisi hufyekwa kwa panga, na machimbo ya kasiteriti ya Bisie pamoja na yale ya koltani ya Rubaya yalifunguliwa kwa sululu, patasi na mtaimbo. Mnunuzi wa zana katika nchi hiyo huwa anaelekezwa kwenye bidhaa ghali au ngumu kuliko nyingine, kana kwamba ugumu ndio kipimo pekee. Hoja ya makala haya ni tofauti, nayo ni kwamba makali yanayofaa mahali ambapo barabara ya Sake hadi Masisi hukatika kwa matope au kwa vita, na ambapo duka la vipuri liko mbali Goma, ni yale ambayo mwenye nayo anaweza kuyarudisha mwenyewe kwa tupa, makaa na mafuta anayoyapata karibu.

Chuma cha zana ni feleji iliyotengenezwa kwa ajili ya kukata vitu vingine, na feleji yenyewe ni chuma chenye kaboni kidogo ndani yake. Kiasi hicho kidogo ndicho kinachotenganisha nondo ya ujenzi, ambayo kwa kawaida huwa na kaboni ya asilimia 0.2 hivi, na springi bapa ya gari yenye asilimia 0.5 hadi 0.65, au tupa nzuri inayokaribia asilimia 1.2. Feleji yenye kaboni ya kutosha ikipashwa moto hadi iwe nyekundu iliyoiva, kaboni huyeyukia katika chuma kama chumvi katika maji ingawa chuma chenyewe hakijayeyuka. Ikipozwa ghafla, kaboni hunaswa humo isipate nafasi ya kujitenga, na chuma hugeuka kuwa kigumu sana lakini chepesi kuvunjika. Kwa sababu hiyo kazi ya makali huwa na hatua mbili zisizotenganishwa: ya kwanza ni kukipoza ghafla, ambayo wahunzi huita kutia maji hata pale maji hayatumiki, na ya pili ni kukirudisha kwenye moto mdogo ili sehemu ya ugumu ipungue na ushupavu uongezeke. Ugumu ni uwezo wa kukataa kukwaruzwa na kulika, ushupavu ni uwezo wa kupigwa bila kuvunjika, na katika feleji ileile mtu akiongeza kimoja hupunguza kingine. Kisu cha kukatia jibini huhitaji zaidi ugumu. Shoka huhitaji zaidi ushupavu. Panga liko katikati, na ndiyo maana ni zana ngumu kutengeneza vizuri kuliko linavyoonekana.

Maarifa haya si mageni katika eneo la Maziwa Makuu. Huko Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, wazee walijenga upya tanuri za kuyeyushia chuma mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery, ambao mwaka 1978 walichapisha maelezo ya jinsi mabomba ya udongo ya kupulizia hewa yalivyoingizwa ndani kabisa ya tanuri na jinsi chuma kilichotoka kilivyokuwa tayari na kaboni ndani yake. Walikale kwenyewe, utendi wa Mwindo wa Wanyanga, uliosimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, unawaweka wajomba wa shujaa kuwa wahunzi wanaomvika mavazi ya chuma. Jamii isiyoheshimu fuawe isingempa mhunzi nafasi hiyo.

Maendeleo ya viwandani yalifuata njia nyingine. Karibu mwaka 1740 Benjamin Huntsman wa Sheffield, Uingereza, alianza kuyeyusha feleji ndani ya vyungu vya udongo, na kwa hiyo akapata chuma chenye kaboni iliyosambaa sawasawa. Mwaka 1868 Robert Mushet alikichanganya na tungsteni akapata feleji iliyojifanya ngumu kwa kupoa hewani tu. Miaka thelathini hivi baadaye, kati ya 1898 na 1900, Frederick Taylor na Maunsel White wa kiwanda cha Bethlehem, Marekani, waligundua kwamba chuma cha namna hiyo kikipashwa moto hadi karibu na kuyeyuka kabla ya kupozwa, hubaki kigumu hata kinapokuwa chekundu kwa msuguano wa kazi. Ndicho kinachoitwa chuma cha kasi, na aina yake mashuhuri zaidi ya mwanzo ilikuwa na tungsteni asilimia 18, kromi asilimia 4 na vanadi asilimia 1. Kisha mwaka 1923 Karl Schröter wa Ujerumani akapata haki ya uvumbuzi wa kabidi ya tungsteni, ambayo kwa hakika si feleji bali ni unga wa tungsteni na kaboni uliogandishwa kwa kobalti, na ambayo kampuni ya Krupp iliipeleka sokoni miaka michache baadaye.

Msomaji wa Kivu atakuwa ametambua majina ya metali hizo. Kobalti ni mali ya Katanga. Tungsteni hutokana na wolframiti, mojawapo ya madini yanayochimbwa katika majimbo ya Kivu pamoja na kasiteriti na koltani. Na tantali ya koltani, ingawa sehemu yake kubwa huishia katika vifaa vya elektroniki, hutumiwa pia kama kabidi katika ncha za kukatia feleji. Mizigo ya Bisie iliwahi kuondoka Walikale kwa ndege ndogo zilizotua kwenye kipande cha lami cha barabara huko Kilambo, na katika biashara hiyo hakuna aliyeona haja ya kurudisha hata ncha ya keekee kwa bei ya haki. Hilo ni lalamiko la kisiasa, na lina uzito wake, lakini halimsaidii mhunzi mwenye kipande cha chuma mkononi. Kinachomsaidia ni kujua kwamba historia hiyo ndefu imemwachia vyuma vya aina nyingi katika lundo moja la chakavu, na kwamba kila aina hudai kutendewa kwa namna yake.

Chuma cha kwanza cha kutafuta ni springi bapa ya gari. Barabara mbovu huzivunja springi za malori kila msimu, kwa hiyo bei yake ni nafuu, na feleji yake, iwe imetiwa kromi au silikoni, hutoa panga, shoka, sululu na visu vya mashine za kukatia majani ya mifugo. Kasoro yake ni moja: springi iliyovunjika imechoka, na mara nyingi ina nyufa nyembamba zisizoonekana karibu na mahali ilipokatikia. Kabla ya kupoteza makaa, mhunzi aipake mafuta ya taa, aache kwa nusu saa, aifute ikauke kabisa, kisha aipake unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha katika ufa yatapanda na kuchora mstari mweusi juu ya chaki, na sehemu hiyo ikatwe itupwe. Bamba la msumeno wa mviringo uliokufa, lile la zamani lisilo na ncha za kubandikwa, ni bora hata kuliko springi kwa visu vyembamba, na tupa zilizochakaa zinafaa kwa vikwangulio na visu vidogo lakini kamwe zisifanywe panga, kwa kuwa kaboni yake ni nyingi mno na panga la namna hiyo litavunjika siku litakapogonga jiwe. Nondo, licha ya kwamba iko kila mahali, haiwi ngumu vya kutosha kwa kutiwa maji. Ifanywe vishikio, pete na misumari.

Asiyejua asili ya kipande chake anaweza kukiuliza kwa cheche, ikiwa ana mashine ya kusaga. Chuma chenye kaboni kidogo hutoa mistari mirefu ya manjano isiyo na maua mengi. Kaboni ikizidi, mistari huwa mifupi na hupasuka mwishoni kwa vinyota vingi. Chuma cha kasi hutoa cheche chache za rangi nyekundu iliyofifia, karibu bila vinyota. Kipimo hiki cha mwisho kina faida kubwa, kwa sababu vipande vya keekee na bleidi nene za misumeno ya mashine huingia katika chakavu na kumdanganya mhunzi. Chuma cha kasi huhitaji joto la nyuzi 1,200 za Selsiasi au zaidi, linaloshikiliwa kwa usahihi ambao jiko la makaa haliwezi, kwa hiyo kikiwekwa motoni na kufuliwa kitaharibika bila njia ya kukirudisha. Kinasagwa tu kwa jiwe hadi kipate umbo, kikiwa kimebaki na ugumu wake wa kiwandani.

Kwa springi, kazi ya moto huenda hivi. Baada ya kufua umbo, kipande hupashwa moto mara tatu hadi kiwe chekundu na kuachwa kipoe hewani kila mara, ili chembe za chuma zilizokua kwa sababu ya kufuliwa zirudi kuwa ndogo. Mhunzi mwenye haraka huiruka hatua hii, na makali yake humeguka katika vipande vinavyometameta kama ishara ya chembe kubwa. Kisha hupashwa kwa ajili ya kuzimwa, yaani kupozwa ghafla. Joto linalotakiwa ni nyuzi 830 hadi 860 hivi, na asiye na kipimo atumie sumaku iliyotolewa katika spika ya redio mbovu na kufungwa kwenye waya: chuma huacha kushikwa na sumaku kinapofikia nyuzi 770, na baada ya hapo kipande kiachwe kiive kidogo zaidi, rangi yake iwe angavu na sawa kutoka ncha hadi ncha, kisha kitolewe. Kazi hii ifanywe kivulini au jioni, maana jua la mchana huficha rangi, na mhunzi asiyeiona hupitiliza.

Springi haitaki maji. Maji hupoza kwa ukali mno na mara nyingi hupasua makali ya feleji iliyotiwa kromi, ilhali mafuta hupoza kwa upole unaotosha. Hapa Walikale imejaliwa, kwani mafuta ya mawese, ambayo viwanda vya chuma vya Ulaya viliyatumia kwa muda mrefu, huzima springi vizuri na moshi wake hauna sumu ya oili chafu ya injini. Sharti ni kwamba yawe na uvuguvugu wa nyuzi 50 au 60. Katika baridi ya milima ya Masisi mawese huganda nusu, na mafuta yaliyoganda huzunguka kivivu na kuacha madoa laini kwenye bamba. Kipande kimoja cha chuma cha moto kikitumbukizwa humo kwanza huyapasha vya kutosha. Chombo kiwe cha chuma, si cha plastiki, kiwe na kina cha kuzamisha bamba zima, na kiwe na kifuniko cha bati karibu kwa ajili ya moto utakaowaka juu ya mafuta. Makali yaingie kwanza, wima, na bamba lisogezwe juu na chini wala lisitikiswe kando, kwa kuwa kutikiswa kando ndiko kunakolipinda. Likitoka, tupa mpya iteleze juu yake bila kuuma. Ikiuma, moto haukutosha na kazi irudiwe.

Bamba katika hali hiyo si zana bado, na likianguka sakafuni laweza kukatika. Lirudishwe kwenye moto mdogo ndani ya saa hiyohiyo. Upande mmoja husuguliwa kwa mchanga au jiwe hadi ung'ae, kisha mgongo wa bamba hulazwa juu ya chuma kinene kilichopashwa moto, na mhunzi hutazama rangi zinavyotembea kutoka mgongoni kuelekea makali: manjano hafifu karibu na nyuzi 220, hudhurungi karibu na 250, zambarau karibu na 280, na buluu karibu na 300. Kwa kisu cha jikoni au cha mashine ya kukatia majani, makali yasimame kwenye manjano iliyokolea. Kwa panga, kwenye hudhurungi inayogeuka zambarau. Kwa shoka na sululu, kwenye zambarau. Na mgongo pamoja na shina la mpini vipite buluu bila wasiwasi, kwa kuwa sehemu hizo hubeba mapigo na hazikati. Ni vyema kuirudia hatua hii mara ya pili. Rangi hizohizo humwonya pia anayenoa kwa mashine: makali yakigeuka buluu kwenye jiwe la kusagia, ugumu umekwenda, na kuendelea kunoa mahali hapo ni kupoteza chuma; kidole kikishindwa kuvumilia joto, bamba litiwe majini kwanza.

Mpasua mbao ana tatizo lingine, maana chuma chake kimekuja tayari kutoka kiwandani na kinachobaki mikononi mwake ni pembe. Mashine kubwa kama Stihl 070, ambayo imeenea katika misitu ya Kongo, huuzwa na mnyororo uliotayarishwa kukata gogo kwa kulivuka, yaani kukatiza nyuzi za mti. Upasuaji wa mbao huenda sambamba na nyuzi, na kazi hizo mbili hazitaki jino moja. Mnyororo wa kukatiza hunolewa kwa pembe ya digrii 30, wa kupasulia kwa digrii 10 hivi, na anayepasua kwa pembe ya kwanza hupata mbao zenye mawimbi, hutumia petroli zaidi na huchosha injini bure. Kubadilisha kunahitaji tupa ya mviringo na subira tu: milimita 5.5 kwa mnyororo mkubwa wa inchi 0.404, milimita 5.2 kwa ule wa inchi 3/8, tupa ikisukumwa kwenda mbele tu, sehemu ya tano ya unene wake ikiwa juu ya jino. Meno yote yawe na urefu mmoja, hata kama kulinganisha kwake kunamaanisha kuyafupisha mazuri yafanane na lile baya, la sivyo msumeno utavuta upande mmoja na ubao utakuwa mnene huku na mwembamba kule. Kinundu kilicho mbele ya kila jino, ambacho huamua jino lizame kiasi gani, kiwe chini ya makali kwa milimita 0.65 hadi 0.80 kulingana na ukubwa wa mnyororo; wanaokipunguza zaidi kwa tamaa ya kasi huishia na mashine inayoruka mikononi, na majeraha ya aina hiyo porini, mbali na hospitali, hayana msamaha.

Miti nayo haifanani. Mvule una desturi ya kuficha ndani ya shina lake vipande vya chokaa vigumu kama jiwe, na jino lililokuwa kamili asubuhi laweza kumalizika katika mkato mmoja; mpasuaji akiona unga mweupe au akisikia mlio umebadilika, asimamishe mashine mara moja. Mikaratusi ya Masisi haina mawe, bali ina mvutano ndani yake, hufunguka inapopasuliwa na kubana bamba, kwa hiyo kabari ziwe tayari. Hata hivyo adui mkubwa kuliko miti yote ni udongo uliogandamana na maganda gogo linapoburutwa, kwa sababu mchanga wa kwatsi ni mgumu kuliko feleji ya jino. Gogo likikwanguliwa kwa panga pale mkato utakapopita, mnyororo hudumu kwa namna ambayo hakuna chapa ghali inayoweza kuifikia.

Ncha za kabidi ya tungsteni zilizobandikwa kwenye misumeno ya mviringo zina nafasi yake, lakini ni katika karakana yenye umeme wa uhakika, mbao zilizokauka na jiwe la almasi la kunolea, maana tupa haiwezi kabisa kuigusa kabidi na pigo la msumari mmoja huiondoa ncha. Kwa mbao mbichi, ncha za Stellite, mchanganyiko wa kobalti na kromi uliovumbuliwa na Mmarekani Elwood Haynes mwanzoni mwa karne ya 20, ni shupavu zaidi, na fundi mwenye mtungi wa gesi wa kuchomelea anaweza kuzirudishia. Porini, feleji ya kawaida inayokubali tupa bado ndiyo chaguo la busara.

Chakavu kina hatari ambayo vitabu vya uhunzi vya nchi tulivu havitaji. Baada ya miaka mingi ya mapigano, mabaki ya silaha huingia katika marundo ya vyuma vinavyouzwa kwa uzito, na kipande chochote chenye umbo la kombora, bomu la mkono, fataki au ganda lisilojulikana kama limekwisha kulipuka hakipaswi kuguswa wala kusogezwa, achilia mbali kutiwa motoni. Mahali pawekewe alama, watoto waondolewe, na wahusika wa uteguaji waarifiwe. Shokamzoba na mtungi wowote uliofungwa hulipuka pia ukipashwa, na bati au bomba lililopakwa zinki hutoa moshi unaoleta homa kali kwa anayeuvuta.

Mwisho, kila zana inayotoka kwenye fuawe ipigwe alama ndogo ya patasi karibu na mpini, moja kwa springi, nyingine kwa bamba la msumeno, na nyingine tena kuonyesha kama ilizimwa kwa mawese au kwa oili. Panga likirudi limekunjika, moto wa kwanza haukutosha au ule wa pili ulizidi. Likirudi limemeguka, moto wa pili haukutosha au chembe ziliachwa kubwa. Na mhunzi mwenye alama hizo atajua ni lundo lipi la springi la kurudia kununua na lipi la kumwachia muuzaji.